Bosi anataka satini na maputo, sisi tunauza asali ya porini

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 29, afisa masoko wa kampuni ya asali hapa Tabora. Tunanunua asali kwa warina wa Sikonge, Kaliua na Urambo, tunachuja, tunafungasha na kuuza. Mwaka huu kampuni inatimiza miaka kumi, na tumepata chupa mpya yenye lebo mpya. Mkurugenzi ameamua tufanye hafla kubwa mwezi wa sita. Wageni ni 120: wanunuzi kutoka Dar es Salaam, wenye maduka, watu wa benki na viongozi wa mkoa. Bajeti ni shilingi milioni 14, na mimi ndiye katibu wa kamati.

Mkurugenzi wetu alialikwa kwenye hafla moja Dar es Salaam, akarudi na picha kwenye simu, na sasa anataka ileile. Mpambaji ametuletea makadirio ya milioni 9: satini nyeupe na ya dhahabu, geti la maputo, zulia jekundu, maua ya kuagiza, na pazia la kupigia picha lenye nembo yetu imejirudia kutoka juu hadi chini.

Kwenye kikao nilitoa wazo langu. Nilisema tutundike mizinga ya magogo ukumbini, wahudumu wavae magome ya miti, na tumlete mzee mmoja mrina asali akae jukwaani na moshi wake ili wageni wapige naye picha. Kikao kizima kilicheka. Mhasibu akasema, "Unataka tuonekane watu wa porini?" Mkurugenzi hakucheka. Aliinamisha kichwa, kisha akasema tuendelee na satini. Kinachoniuma ni kwamba marehemu baba yake mwenyewe alikuwa mrina asali.

Nimebakiwa na wiki sita. Sitaki kumvunjia heshima mkubwa wangu, lakini naona tunakwenda kumaliza milioni 14 kwa sherehe ambayo ingeweza kuwa ya kampuni ya saruji. Je, nimekosea? Nifanyeje?

Katibu wa Kamati, Tabora

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Hofu yako ni ya kweli, na mimi imenikuta. Kabla sijaanza kuandika safu hii niliandaa hafla za watu kwa miaka mingi. Siku moja nilipambia kampuni ya mchele ukumbi mzima: satini kila kiti, maua kila meza, taa za zambarau mpaka nje. Watu walisifu sana. Wakati wa kuaga, mgeni mmoja mzee akanishika mkono akaniuliza kwa upole, "Binti, hivi wenzetu hawa wanafanya biashara gani?" Alikuwa amekaa pale saa nne, amekula, amepiga makofi. Nilirudi nyumbani sikulala. Tangu siku ile, kabla sijashika kitambaa chochote, nilikuwa nafunika nembo ya kampuni kwa kiganja na kujiuliza: mgeni akiingia hapa bila kuiona hii, atajua yuko kwa nani?

Lifanyie jaribio hilo kadirio la mpambaji wenu. Funika nembo. Kinachobaki ni harusi.

Lakini na wazo lako lifanyie jaribio, mwanangu, na hapa nitakusema kama mama. Mizinga, magome, mzee na moshi: mgeni atajua yuko kwa watu wa asali, ndiyo. Ila umemfanya yule mzee pambo. Umemweka jukwaani apigwe picha kama kinyago, na wahudumu, vijana wa mjini wenye vyeti vyao, umewavika magome ambayo hata huyo mzee havai. Kikao kilicheka kwa sababu mbaya, lakini wazo lenyewe lilikuwa na kasoro, na nadhani mkurugenzi aliiona. Aliinamisha kichwa kwa sababu umemwonyesha baba yake akiwa kwenye maonyesho.

Pori ndilo mnalouza. Mnunuzi wa Dar es Salaam hakosi asali. Anakuja Tabora kwa sababu ya misitu ya miombo, kwa sababu nyuki wenu wanachuma kwenye miti ya mtundu na muba. Basi pori liwepo pale kwa heshima yake, kwa ladha, kwa mwanga, kwa watu wake wakiwa wamekaa vitini kama wenyeji wa hafla. Hadhi ya shughuli yenu itatoka hapo. Sasa nikueleze namna.

Anza na viti. Wageni 120 ni meza 15 za watu wanane wanane. Weka mrina asali mmoja, awe mtu wa tisa, kwenye kila meza, wanawake kwa wanaume, kutoka vijiji vile vile mnakonunua. Huyo ndiye mwenyeji wa meza. Hahudumii, hasimami, hachezi. Anakula na kuzungumza. Avae nguo yake nzuri aliyoichagua mwenyewe. Kadi yake ya jina iwe sawa na ya meneja wa benki: jina, kijiji, na mwaka alioanza kutundika mizinga. Mnunuzi akitaka kujua kwa nini asali ya mwaka huu ni nyeusi kuliko ya mwaka jana, jibu limekaa ubavuni mwake. Hotuba ya masoko haiwezi kushindana na hilo. Meza kuu itabaki kwa sababu mgeni rasmi ana itifaki yake, lakini na hapo awepo mrina mmoja, na asiwekwe pembeni kabisa. Nauli, malazi na posho zao ziingie kwenye bajeti kabla ya ua lolote, na walipwe kabla hawajapanda gari kurudi.

Tuje kwenye saa, maana hapa wengi wa biashara yako hujikwaa. Usifungue asali mchana nje. Mwezi wa sita hapo Tabora mvua zimekwisha, uwanja wa wazi chini ya miembe unavutia, na kamati itasema tuanze saa tisa alasiri. Mkiweka vyungu vya asali wazi saa tisa, nyuki watafika kabla ya mgeni rasmi, na hamtaweza kuwaambia waondoke. Nyuki haruki usiku. Anzeni saa moja na nusu jioni, giza limeshaingia na wanaosali magharibi wamemaliza. Mpaka hapo vifuniko visifunguliwe, na kilichomwagika kifutwe kwa kitambaa chenye maji. Hakikisheni hakuna mzinga ulio karibu, kwa sababu nyuki wa karibu huweza kufuata taa. Na mwulizeni kila mgeni mapema kama kuna anayedhurika kwa kuumwa na nyuki. Muwe na muuguzi na gari.

Usiku huo huo utawapa pambo ambalo mpambaji hana. Mkichuja asali mnabaki na nta. Itengenezeni mishumaa, miwili kila meza, ndani ya chemni za vioo kwa sababu upepo wa kiangazi hauna adabu. Nta ya nyuki ikiwaka inatoa harufu nyepesi ya asali, na mwanga wake ni wa rangi ile ile iliyo ndani ya chupa zenu. Nta ya Unyamwezi ilikuwa ikisafirishwa nje tangu enzi za Wajerumani. Mgeni ataketi mbele ya historia hiyo bila kuhutubiwa. Taa za umeme ziwe chache, za manjano, za njia na za jukwaa. Jenereta likae mbali, nyuma ya jengo, lisipige kelele juu ya maneno ya watu.

Rangi: nakuomba usiende kwenye mistari ya njano na nyeusi ya mgongo wa nyuki. Ni ya vitabu vya watoto. Nenda porini mwezi wa tisa au wa kumi uone miombo inavyochipua kabla ya mvua: majani mekundu, mengine ya shaba, mengine ya kahawia ya kung'aa. Rangi hizo mbili tatu, na rangi ya asali yenyewe, na mbao. Vitambaa vya meza viwe pamba nzito, visivyong'aa. Vikiwa safi na vimepigwa pasi vinatosha.

Mwezi wa sita usiku wa Tabora una baridi, na watu wa Dar es Salaam watakuja na mashati mepesi. Basi langoni asisimame mtu na trei ya soda. Asimame na vikombe vya tangawizi ya moto iliyotiwa asali na limao. Mgeni ameshuka garini, ameshika kikombe kwa mikono miwili, amepata moto. Hapo ameshaijua kampuni yenu, na MC bado hajafungua kinywa. Wanzuki, ile pombe ya asali, usiiweke kwenye meza hizi. Wageni wako ni wa dini zote, na mwenye kutaka kinywaji kikali atakipata baadaye kwingine. Juisi ya ukwaju yenye asali itakaa vizuri mezani.

Sasa meza ya kuonja, ambayo ndiyo moyo wa shughuli yote. Hapa usibane matumizi.

Chagua asali nne, si zaidi. Tatu za nyuki wakubwa kutoka wilaya tatu, zikipangwa kutoka nyepesi kwa rangi kwenda nyeusi, na ya nne ya nyuki wadogo wasiouma, iwe ya mwisho kwa sababu ule uchachu wake ukitangulia utaua ladha za nyingine. Kila chombo kiwe kioo kitupu, kimewekewa taa nyuma yake ili rangi ionekane. Kadi ndogo mbele: wilaya, kijiji, mwezi iliyorinwa. Aina ya mti iandikwe pale tu mrina mwenyewe anapoijua. Msiandike kwa kukisia, kwa sababu kwenye umati ule atakuwepo mtu anayejua. Katikati ya ladha na ladha mgeni anywe maji na atafune matobolwa. Wengi husema jina la Tabora limetokana na hayo matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Yakatwe vipande vidogo vya kutosha mdomo mmoja, yawekwe kwenye sahani nyeupe. Mgeni wa maduka makubwa atayauliza, na utamjibu.

Mojawapo ya zile tatu iwe asali iliyoganda. Najua mtataka kuificha. Usiifiche. Wanunuzi wengi wanaamini asali iliyoganda imechanganywa na sukari ya dukani, na imani hiyo inawaumiza kila mwaka. Mrina au mtaalamu wenu asimame pale aeleze kwamba asali halisi huganda kwa sababu ya glukosi iliyomo, na kwamba ukiiweka kwenye maji ya uvuguvugu inalegea tena. Kisha mtoe kile kifaa cha kupimia unyevu mnachotumia kiwandani. Tone moja, mgeni asogeze jicho, asome namba mwenyewe. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka maji yasizidi asilimia 20. Mwacheni mnunuzi asome kwa jicho lake, asiambiwe. Angalizo moja tu: asali ya nyuki wadogo kwa asili ina maji zaidi ya hapo, kwa hiyo msiipime mbele ya watu bila kueleza, la sivyo mtajishitaki wenyewe. Na kwenye kadi ya mwisho andikeni wazi kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali. Kina mama watakuwepo, wengine na watoto mgongoni. Kampuni inayosema hivyo kwenye sherehe yake yenyewe inaaminika.

Chakula sitakupangia sana, una wapishi wazuri hapo mjini. Kuku wa kienyeji, wali, ugali, nsansa (mboga ya majani yaliyokaushwa) ya karanga, na uyoga uliokaushwa wakati wa mvua kama mtaupata wa kuaminika. Msiweke asali ndani ya kila chakula. Ikitokea sehemu mbili inakumbukwa. Ikitokea sehemu kumi inachosha.

Ngoma: ikiwa mtaita kikundi cha Hiari ya Moyo, kipeni dakika kumi na tano ambazo hakuna anayekula wala kuhutubia. Nimeona wachezaji wakitoka jasho huku wageni wamegeukia sahani, nikaona aibu kwa niaba ya wenyeji. Malipo yajadiliwe kabla, kwa maandishi.

MC umpe ukurasa mmoja: majina ya vijiji na yanavyotamkwa, jina la chupa mpya, mambo matatu ya kweli kuhusu kampuni. Mwambie hakuna mzaha juu ya Wanyamwezi kubeba mizigo wala juu ya watu wa porini, hata ule unaochekesha. Hotuba ziwe tatu. Wa kwanza kuongea awe mrina aliyeiuzia kampuni kwa muda mrefu kuliko wengine, dakika nne, kwa lugha anayoiweza. Akitaka Kinyamwezi, kuwe na mfasiri. Kisha mkurugenzi, kisha mgeni rasmi. Risala ndefu ya mafanikio ichapwe, iwekwe mezani.

Zawadi ya kuondokea: chupa ndogo ya gramu 250 kwa kila mgeni. Kwa wageni 120 ni kilo 30 za asali, na mnayo ghalani. Hiyo ndiyo hafla itakayoendelea jikoni kwa mgeni wiki mbili baadaye. Kalamu na miavuli yenye nembo acheni.

Tuje kwa mkurugenzi, kwa sababu bila yeye haya yote ni karatasi. Usirudishe jambo hili kwenye kikao. Mkubwa hapingwi mbele ya watu, na mhasibu ameshatamka neno ambalo mbele ya kikao mkurugenzi hawezi kulivuka bila kujieleza. Mwombe nafasi jioni, watu wakishatoka. Nenda na vile vioo vinne vya asali, vijiko, mshumaa mmoja wa nta na ukurasa mmoja wa mpango, basi. Washa mshumaa, zima taa ya ofisi, mwonjeshe kwa mpangilio ule ule. Usiseme neno juu ya satini. Mwache aonje kwanza.

Kisha mwombe radhi kwa lile wazo la mzee jukwaani. Mwambie kwa maneno yako mwenyewe kwamba ulitaka kuwaheshimu warina ukakosea njia, na sasa unataka wakae mezani na wageni. Ukishamaliza hilo, muulize baba yake alikuwa anatundika mizinga wapi. Uliza kwa sababu unataka kujua, na unyamaze. Akisimulia, siku nyingine unaweza kumwomba asimulie hayo hayo kwenye hotuba yake, dakika mbili tu. Akikataa, usirudie. Mtoto aliyechekwa shuleni kwa kunuka moshi wa nyuki hukua na jambo lake moyoni, na hatujui yeye alipitia nini. Baba yake ni wake. Usimtumie kushinda hoja.

Mpe pia picha anazozitaka, kwa sababu ni haki yake kujivunia miaka kumi. Badala ya lile pazia la nembo, tengenezeni rafu ya mninga yenye chupa mpya zimejaa, zimewekewa mwanga kwa nyuma, kimo cha mtu na nusu. Nembo iwepo mara moja, kwenye lebo za chupa, inakostahili. Watu watapiga picha pale usiku kucha. Mpambaji naye usimfukuze. Mwulize kama anaweza kazi ya mwanga, vitambaa na rafu, na akuletee makadirio mapya. Wengi wao wanaweza, hawajawahi kuombwa.

Fedha zipange hivi: watu na chakula kwanza, mwanga na sauti vifuate, meza ya kuonja, kisha pambo kwa kitakachobaki. Bei za hapo unazijua kuliko mimi. Mkitaka kuifanya shughuli hii kila mwaka, basi kuanzia mwakani itazameni tarehe 20 Mei, Siku ya Nyuki Duniani, ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2017. Mwaka huu msiikimbilie, wiki sita ni chache na mna kazi.

Na fanyeni jaribio zima usiku mmoja, wiki moja kabla, pale pale uwanjani, saa ile ile: mishumaa, upepo, baridi, vijiko. Vijiko ndivyo husahaulika. Wageni 120 kwa asali nne ni vijiko 480, kila kimoja kwa mdomo mmoja. Ongeza mia, kwa sababu watu watairudia ile ya nyuki wadogo.

Shangazi yako